Hesabu ya Miezi: Mhadhara juu ya Kuishi Vema na Maradhi ya Ovari

Wazee wangu, mama zangu, na ninyi wadogo zangu mliokuja kutoka Kahama, Kishapu, Bukombe na Geita:

Maradhi niliyoombwa kuyaeleza leo hayana homa, hayana jeraha, wala hayamlazi mtu kitandani, na kwa sababu hiyo yamekaa miongoni mwetu muda mrefu bila ya kuhesabiwa pamoja na maradhi tunayoyahofu. Matabibu huyaita maradhi ya ovari yenye vifuko vingi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba huwapata wanawake 10 hadi 13 katika kila wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hata 70 katika kila 100 wenye maradhi haya hawajui kuwa wanayo. Ikiwa hesabu hiyo inatuhusu na sisi, basi ni shida kuipata shule ya sekondari, au kwaya, au kikundi cha kuweka na kukopa katika mikoa yetu miwili, Shinyanga na Geita, ambamo hamna mwanamke mmoja au wawili wanaoyabeba kimya kimya.

Nitalisema dai langu mapema, ili kila mmoja alipime kadiri ninavyoendelea. Maradhi haya sisi huyapokea kwa mlango wa utasa. Na kwa kuwa twayapokea kwa mlango huo, huyaona yakiwa yamekwisha kaa mwilini miaka kumi au zaidi, huyatibu kwa pupa ya kupata mtoto, na huyaacha mara mtoto apatikanapo au tumaini la mtoto likatikapo. Hali yenyewe ni nyingine kabisa: huanza msichana angali darasani, hufuatana na mwanamke umri wake wote, na hugusa sukari yake, moyo wake, ngozi yake na furaha yake, azae asizae. Mwanamke mwenye maradhi haya aweza kuishi vema, na wengi huishi vema. Lakini aghalabu ni yule aliyejulishwa mapema, akafundishwa kuuhesabu mwezi wake, na akapata watu waliokubali kufuatana naye bila ya haraka.

Tuanze na mwili wenyewe, kwa maana hofu nyingi hutokana na kutoujua. Kila mwezi, kwa mwanamke mwenye siha, vijiyai kadhaa huanza kukua ndani ya ovari. Kimoja hupevuka na kutoka kwenda kungoja mbegu ya mume, na vilivyosalia hunyauka. Na yai lisipokutana na mbegu, ukuta laini uliojengeka ndani ya mji wa mimba hubomoka ukatoka, nayo ndiyo hedhi. Kazi hii yote huamrishwa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Kwa mwenye maradhi haya amri hizo hukosa mizani: ovari hutengeneza kupita kiasi homoni ziitwazo androjeni, ambazo kila mwanamke anazo kidogo na kila mwanamume anazo nyingi, na vijiyai huanza kukua lakini havipevuki, hukwama vikiwa na milimita chache tu na kujipanga pembezoni mwa ovari kama shanga katika uzi. Hivyo ndivyo vifuko vinavyoonekana katika picha ya ultrasaundi. Si saratani, wala si uvimbe wa kupasuliwa. Nalisema hili kwa mkazo, kwa sababu mwanamke anayetoka katika chumba cha picha na karatasi iliyoandikwa kwamba ana vifuko vingi katika ovari zote mbili, asipoelezwa na mtu, hufika nyumbani akiwa amekwisha jichimbia kaburi.

Nyuma ya hayo iko insulini. Insulini ni homoni itokayo katika kongosho, na kazi yake ni kuitoa sukari katika damu na kuiingiza katika misuli na ini. Kwa wengi wenye maradhi haya, wanene na hata baadhi ya wembamba, mwili huiitikia insulini kwa uzito, basi kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi. Na insulini hiyo iliyozidi huzichochea ovari zitengeneze androjeni zaidi, na androjeni huzidi kuvikwamisha vijiyai. Hapa ndipo yanapokutana mambo ambayo macho ya kawaida hayayaunganishi: siku za mwezi kupotea, nywele kuota kidevuni, chunusi zisizokoma, kitambi kisichoondoka, weusi wa shingoni, na kisukari kinachompata bibi, kisha shangazi, kisha mama wa ukoo mmoja. Maradhi haya hufuata damu, na ukimkuta mgonjwa mmoja, yafaa umuulize habari za dada zake.

Wako wasemao kwamba haya ni maradhi ya mijini, yaliyoletwa na zama hizi za chipsi na soda. Chakula kina sehemu yake, nami nitaifikia. Walakini maradhi yenyewe ni ya kale. Mwaka 1721 tabibu wa Kiitalia, Antonio Vallisneri, aliandika habari za mwanamke kijana wa shamba, aliyeolewa, mnene kiasi na asiyezaa, ambaye ovari zake zilikuwa kubwa, nyeupe na zenye kung'aa. Mwaka 1935, huko Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal walieleza habari za wanawake 7 waliokuwa na dalili hizi. Wakawapasua na kukata kipande cha ovari zao, hedhi zikarudi, na wawili kati yao wakapata mimba. Upasuaji ule umeachwa, kwa kuwa dawa zimechukua mahali pake kwa salama zaidi. Kisha mwaka 2003 wataalamu walikutana Rotterdam, Uholanzi, wakaweka kanuni ambayo hata leo ndiyo msingi wa kuyatambua. Dalili ni tatu: hedhi isiyo na utaratibu, androjeni zilizozidi, zionekane kwa nywele na chunusi au kwa kipimo cha damu, na ovari zenye vifuko vingi. Mwenye mbili kati ya hizo tatu, baada ya kuhakikishwa kwamba hana maradhi ya tezi ya shingo au mengine yenye sura hiyo hiyo, huhesabiwa kuwa nayo.

Naomba kanuni hiyo itazamwe kwa macho ya mtu wa kijijini. Mwanamke mzima ambaye hedhi yake huja mara tano kwa mwaka, na ambaye ndevu zake humlazimu kushika wembe, amekwisha timiza dalili mbili. Picha ya ultrasaundi haihitajiki ili atambuliwe. Muuguzi wa zahanati, mwenye kalamu, masikio na subira, aweza kuyashuku maradhi haya siku ile ile aliyojiwa, akaandika karatasi ya kumpeleka hospitali ya wilaya kwa vipimo vichache vya damu. Uchunguzi uliofanywa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba, miongoni mwa wanawake waliokuja kwa ajili ya kukosa uzazi, takriban theluthi walikuwa na maradhi haya. Theluthi hiyo ilipatikana Dar es Salaam, katika hospitali kubwa kuliko zote nchini. Ni wangapi waliopita mbele ya meza ya mtu aliyesoma, huku kwetu au huko kwao, wakiwa na miaka 17 au 20, wala wasiulizwe siku zao huja lini?

Nataka kukaa kidogo kwenye nywele na ngozi, ingawa wako watakaoona kwamba ni mambo madogo mbele ya uzazi na kisukari. Si madogo. Mwanamke mwenye ndevu huamka usiku ungali mzito, akatwaa wembe na kipande cha kioo, akaenda nyuma ya nyumba na mwanga wa simu, akanyoa kidevu na juu ya mdomo kabla mume hajaamka na kabla ya kwenda kisimani, ambako wanawake wenzake watamtazama kwa karibu. Na mchana, katika jua la Shinyanga, huufunika uso wake kwa pembe ya khanga kwa sababu vipele vya wembe vimeanza kuwasha. Binti mwingine hana ndevu, bali ngozi ya shingo yake, nyuma na pembeni, imekuwa nyeusi na nene. Mama yake humwambia kwamba haogi vizuri. Basi husugua: husugua kwa dodoki, kisha kwa jiwe la kusugulia visigino, kisha kwa chumvi na ndimu, mpaka ngozi ikachubuka, na weusi hurudi vilevile, kwa kuwa si taka, ni alama ya insulini iliyozidi katika damu. Mwishowe hununua mkorogo mnadani. Na baadhi ya krimu na sabuni za namna hiyo, ijapokuwa zimepigwa marufuku, zina zebaki ndani yake, zebaki ile ile ambayo kaka yake huimimina juu ya mchanga wa dhahabu katika karai, nayo hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Laiti mtu mmoja angaliitazama shingo ile na kusema: mpimeni sukari.

Nchi hii, ndugu zangu, ina historia yake katika kuisoma miili ya wanawake. Hakuna hata mmoja kati yetu asiyejua kwamba kwa miaka mingi Shinyanga na mikoa jirani ilisikika mbali kwa mauaji ya vikongwe waliodhaniwa kuwa wachawi kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Na wekundu ule uliletwa na moshi wa jikoni, wa kuni na wa kinyesi kikavu cha ng'ombe, waliokaa nao tangu utoto. Alama ya kazi na ya umaskini ilisomwa kuwa alama ya uovu, na watu wasio na hatia wakafa kwa mapanga. Silinganishi msiba ule na aibu ya ndevu. Lakini watu waliokwisha kosea hivyo, na kosa lao likamwaga damu, wana wajibu kupita wengine wa kujihadhari wasije wakazisoma nywele za kidevuni kuwa nuksi, siku zilizopotea kuwa laana ya mizimu, na unene wa binti kuwa uvivu na ulafi. Ni homoni, zapimika, na dawa zake zajulikana.

Turudi kwa huyo binti. Hedhi ya mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo hupotea na kurudi, na hayo si maradhi. Lakini akitimiza miaka mitatu tangu kuvunja ungo, na bado hedhi moja na nyingine huachana kwa zaidi ya siku 35, au kwa mwaka mzima hazifiki 8, huyo na aonwe na tabibu. Picha haimfai, kwa kuwa ovari za umri huo huwa na vijiyai vingi hata kwa mwenye siha. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 hauikubali kuwa ushahidi mpaka ipite miaka 8 tangu hedhi ya kwanza. Kimfaacho ni kalenda. Kalenda ya ukutani, ile ambayo wenye maduka hugawa kila mwisho wa mwaka, yatosha kabisa: siku ya kwanza ya kila hedhi iwekewe alama kwa kalamu, na mwaka mmoja wa alama hizo utamweleza tabibu mengi ambayo maneno ya "huja na kupotea" hayawezi kumweleza. Najua kwamba katika nyumba zetu nyingi binti haongei na mama yake mambo haya, huongea na bibi au shangazi. Basi bibi na shangazi ndio wa kufundishwa kwanza, na mhudumu wa afya wa kitongoji awaendee wao.

Liko jambo jingine la shuleni ambalo hunisikitisha. Msichana asiyeziona siku zake kwa miezi mitatu minne hushukiwa mimba. Hupimwa mkojo, nyumbani kwao hufokewa, pengine hupigwa. Majibu yakija kwamba hana mimba, wote hushusha pumzi, na habari hukoma hapo. Hakuna aulizaye kwa nini, basi, hedhi haiji.

Na swali hilo lina uzito. Ukuta wa mji wa mimba usiobomoka kwa wakati wake huzidi kuwa mnene, na ukiachwa miaka mingi huweza kugeuka kuwa saratani. Hatari hiyo ni ndogo kwa mwanamke mmoja mmoja, walakini ni kubwa mara kadhaa kuliko ya wanawake wenzake. Kwa hiyo matabibu husema kwamba mwenye maradhi haya, asiyetumia dawa, asiache zipite siku 90 pasipo hedhi. Zikipita, apewe vidonge vya kuileta vyenye homoni ya projesteroni, au, akiwa hatafuti mtoto, atumie vidonge vya majira, ambavyo huutengeneza mwezi, huulinda ukuta ule, na kwa muda wa miezi hupunguza chunusi na nywele. Vidonge hivyo hutolewa bila ya malipo katika vituo vya serikali. Wako wazazi watakaoshtuka kusikia binti asiyeolewa akipewa vidonge vya majira. Nawaomba kwa heshima waelewe kwamba hapa ni dawa ya ovari, inayopewa mwele kwa ajili ya uele wake, na kwamba kumnyima kwa kuchelea maneno ya majirani ni kuuweka mji wake wa mimba rehani. Bali wasiopaswa kuvitumia wapo: wenye shinikizo kubwa la damu, waliowahi kugandiwa na damu mishipani, na wenye kipandauso cha kuona mianga, na hao watapewa njia nyingine.

Habari za kuzaa nimezichelewesha kwa makusudi, kwa kuwa zikitangulia hufunika mengine yote. Ng'ombe wa mahari wakiisha kuswagwa kutoka zizi hata zizi, ndoa imekuwa hesabu ya koo mbili. Mwaka hupita, na wa pili hupita, mavyaa akaanza kuuliza kwa mafumbo na mawifi wakauliza waziwazi. Mke huambiwa ana chango. Hupewa mizizi ya kunywa, majani ya kujifukiza, na maji ya kuoga njia panda. Huuza mbuzi wake akaenda kwa mganga wa mbali, akarudi akaenda kwa mwingine. Na katika safari hizo zote mume hayumo. Nasema kwa wanaume waliomo humu, nami ni mmoja wao: mwanamume anayemwacha mkewe aende peke yake kutafuta mtoto wa wote wawili amemdhulumu. Mbegu zake huweza kuwa chache au dhaifu, na kipimo chake ni rahisi na hakiumi. Tena katika Afrika sababu kubwa ya kukosa uzazi ni kuziba kwa mirija ya mayai kutokana na maambukizo, na katika makambi ya wachimbaji, ambako watu huja kwa sifa ya duara, yaani shimo la dhahabu, jipya lililotoa na kuondoka likisha kauka, magonjwa ya zinaa yamepata uwanja mpana. Basi hata mke akijulikana kuwa na ovari zenye vifuko, mke na mume wapimwe vyote viwili, mirija na mbegu, kabla ya kumeza kidonge cha kupevusha yai.

Mwanamke mwenye maradhi haya si tasa. Yai lake huchelewa, halikosekani. Wengi huzaa bila ya dawa yoyote, ila kwa kungoja zaidi, na wapo walioshika mimba wasiyoitaka kwa kuwa waliambiwa hawazai wakaacha kujikinga. Kwa mnene, kupunguza uzito kwa sehemu 5 hadi 10 katika 100, yaani kilo 4 hadi 8 kwa mwenye kilo 80, huweza kuirudisha hedhi. Na kwa anayehitaji msaada iko letrozoli, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti, ambayo uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, kwa wanawake 750 wenye maradhi haya, uliishindanisha na klomifeni iliyozoeleka tangu zamani: waliozaa watoto hai walikuwa 27.5 katika kila 100 kwa letrozoli, na 19.1 kwa klomifeni. Zote mbili hutolewa na tabibu kwa kipimo na kwa muda, si za kununuliwa dukani kwa ushauri wa shoga.

Waganga wa jadi siwadharau. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imewapa mahali pao, na metformini, dawa ya kisukari ambayo wengi wenye maradhi ya ovari huandikiwa ili mwili uiitikie insulini vizuri zaidi, asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Mmea ule wenyewe una sumu kwa mifugo. Ilipita karne nyingi tangu watu wauokote mashambani mpaka tabibu Mfaransa Jean Sterne alipochapisha, mwaka 1957, kazi ya dawa hiyo kwa wagonjwa wa kisukari, na katika muda huo wote watu walikuwa wakipima, wakikosea, na kupima tena, hata wakajua kiasi kifaacho na kiasi kidhuru. Hicho ndicho ninachotaka mwanamke aulize mbele ya chupa yoyote, iwe ya mganga wa Kishapu au ya duka la dawa: ni kiasi gani, kimepimwa na nani, na hudhuru nani? Ajidaiye kwamba atayayeyusha maradhi haya kwa siku saba anauza asichokuwa nacho.

Sasa chakula. Nenda penye makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, saa saba ya mchana, vumbi jeupe limewafunika watu hata kope, ukatazame sahani ya mama lishe: mlima wa ugali wa sembe nyeupe, maharage kidogo pembeni au kipande cha nyama katika mchuzi, mboga ya kijiko kimoja, na soda au kinywaji cha kutia nguvu cha kushushia. Sahani hiyo huijaza damu sukari kwa ghafula na kuilazimisha kongosho kuikimbilia. Wala si chakula cha mababu zetu. Usukuma uliishi kwa mtama na uwele. Dengu za Kishapu na Shinyanga husafirishwa kwa malori kwenda kuliwa na watu wengine. Tunazo choroko, karanga, mlenda, nsansa ya majani ya kunde yaliyokaushwa, dagaa wa Ziwa, na mtindi. Mwanamke mwenye maradhi haya na apunguze ugali ufike robo ya sahani, uwe wa dona au mtama. Robo nyingine iwe dengu, maharage, dagaa au samaki. Na nusu iwe mboga. Michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, hayakukatazwa, bali yana utamu wake na yapimwe. Mwongozo ule wa 2023 wasema wazi kwamba hakuna mlo mmoja uliothibitika kuwa bora kuliko mingine kwa maradhi haya, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kununua unga wa makopo kwa bei ya mbuzi, wala kujinyima mpaka akaanguka.

Na mazoezi yaamriwe kwa akili. Yule mama ambaye tangu asubuhi ameketi juani akiponda magwangala, mawe ya mabaki ya mgodi, kwa nyundo ili apate gramu ya kuuza, usimwambie aende akakimbie. Mwambie ale mchana, anywe maji, apate usingizi wa kutosha. Lakini anayeketi dukani Kahama au Katoro kutwa nzima, akarudi kwa bodaboda, huyo anahitaji dakika 150 za kutembea kwa nguvu kila juma, na zinapatikana kwa kuacha bodaboda nusu ya njia. Wembamba nao wasidhani wamesalimika, kwani maradhi haya huwapata pia, na kwa kuwa hawana unene, hucheleweshwa zaidi kutambuliwa.

Juu ya huzuni nitasema machache, si kwa kuwa ni ndogo. Imethibitika kwamba wenye maradhi haya hupatwa na sonona na wasiwasi kuliko wenzao, na tabibu hupaswa kuwauliza. Mwanamke aliyekwisha hesabiwa tasa, aliyesugua shingo yake hata ikatoka damu, huweza kujiona kuwa nusu ya mtu. Mume anayejua haya, akauambia ukoo wake mbele ya watu kwamba mkewe anatibiwa na kwamba wanangoja pamoja, amempa mkewe faraja ambayo hakuna duka la dawa liiuzalo.

Ama msaada wa tiba, hauko mbali kama ulivyokuwa. Daktari bingwa wa wanawake hupatikana katika hospitali za rufaa za mikoa na katika Hospitali ya Bugando, Mwanza. Na tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, mgonjwa wa Geita hangoji tena kivuko. Lakini mimi siweki tumaini langu kubwa kwa mabingwa. Kati ya miaka 1991 na 1994, katika mkoa wa Mwanza, ambao wakati huo Geita ilikuwa wilaya yake, watabibu na wauguzi wa vituo vya kawaida walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa dalili na kwa dawa zilizopo. Maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI katika vijiji hivyo yakapungua kwa kiasi cha 40 katika 100, na matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1995, yakasomwa duniani kote. Ilikuwa kazi ya zahanati za huku huku. Kwa maradhi ya ovari zahanati inahitaji maswali manne au matano, mizani, kipimo cha shinikizo, mashine ndogo ya sukari na vijiti vyake, na dawa ambazo nyingi zimo katika maghala ya serikali. Kampuni za migodi, tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2017, hupanga pamoja na halmashauri zetu fedha za wajibu kwa jamii, na majengo mengi ya tiba yamesimama kwa fedha hizo. Madiwani mliomo humu, ombeni mwaka ujao mafunzo ya wauguzi na vijiti vya sukari, kwa kuwa kuta tunazo.

Mkumbuke kisukari kilivyotuingilia. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikikuta kwa chini ya mtu 1 katika watu wazima 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikikuta kwa watu 9. Wenye maradhi ya ovari wako katika safu ya mbele ya hatari hiyo. Wakishika mimba, sukari yao hupanda kwa urahisi, na shinikizo la damu vilevile, kwa hiyo waseme habari zao siku ya kwanza ya kliniki, na baada ya kujifungua wapimwe tena. Yule mama wa miaka 45, aliyezaa watoto wake watatu kwa taabu, ambaye hedhi yake imeanza kwenda kwa utaratibu uzeeni kama ambavyo hutokea, na ambaye hudhani kwamba amekwisha pona, huyo naye na apimwe sukari kila mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja na shinikizo lake. Na siku aendapo, aende na binti yake.

Nitapokea maswali sasa, na nitawaomba mama zangu waanze.